Ufunguo wa 9C

Hapo zamani, na zamani yenyewe si mbali, ni enzi hizi hizi ambapo mtu anasomea uhandisi miaka mitano kisha anashauriwa afuge sungura, palikuwa na jumba refu mtaa wa Kilimani, Nairobi. Wenyewe waliliita Silvermist Heights, yaani ukungu wa fedha, ingawa ukungu pekee uliolifikia ulikuwa moshi wa barabara. Lilikuwa jumba la huduma zote: mapokezi yenye sofa zisizokaliwa na mtu, lifti mbili, jenereta, jim, bwawa la kuogelea, walinzi wenye kofia kama za marubani. Huduma zote zilikuwepo.

Ghorofa ya tisa, mlango wa 9C, aliishi Shangazi Mkawasi, muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji. Hakuolewa, hakuzaa. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja cha kulala, lakini chumba! Kitanda kilikaa katikati kama kisiwa, na bado ungekizunguka ukicheza ngoma usiguse ukuta.

Righa, mtoto wa kaka yake, hakuwa na kisiwa. Alikuwa na digrii ya uhandisi wa umeme, second class upper, na kochi la rafiki yake kule mtaa wa Pipeline. Rafiki huyo alikuwa karibu kuoa. Bibi harusi alikuja, akalipima kochi kwa macho, akasema, "Hii itatoka." Hakueleza kama ni kochi au ni Righa.

Sasa, Shangazi alikuwa na desturi moja. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alituma picha ya maua kwenye grupu la familia, waridi zinazomeremeta na maneno ya dhahabu: *Amkeni, Mungu amewaamsha.* Grupu lilikuwa na watu arobaini na mmoja. Karibu wote walikuwa wamelizima sauti. Righa alikuwa amelizima tangu Machi. Mtu asiye na pa kuamkia hapendi kuambiwa aamke.

Mmoja tu ndiye aliyejibu kila siku. Huyo ni Wakio, binamu yake Righa, yaya wa watoto wa watu huko Doha. Alijibu "Amina, Shangazi" huku akipanga vikombe vya wenyewe.

Jumanne moja maua hayakuja.

Wakio akasema moyoni, labda bando la intaneti limeisha. Akamimina chai ya wenyewe. Akavalisha watoto wa wenyewe. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Saa tatu akajifungia chumba cha kufulia nguo, akampigia Shangazi. Simu iliita hadi ikakatika. Akampigia Righa. Righa akakata. Akapiga tena. Righa akakata tena. Ya tatu akashika.

"Righa, maua hayajakuja."

"Maua gani?"

"Wewe! Maua ya Shangazi!"

"Wakio, hata mimi leo sijatuma maua. Mbona hakuna aliyenipigia?"

"Miaka minne hajakosa siku. Hata siku tuliyomzika babako alituma. Simu yake haishikwi. Toka kwa hilo kochi, uende!"

Righa akaenda. Getini akamkuta Musembi, aliyelinda geti hilo kwa miaka kumi na mmoja, macho mekundu kwa uchovu, kofia imekaa upande.

"Unaenda wapi, boss?"

"9C."

"Mwenyewe anajua?"

Musembi akainua simu ya geti. Ikaita. Ikaita. "Hajibu. Asipojibu huingii."

"Mzee wangu, hajibu ndiyo maana nimekuja!"

"Sheria ya jumba ni hiyo. Mwenye nyumba aseme ndiyo."

"Na kama ameanguka, atasemaje ndiyo?"

"Basi nakuandikia hapa: *mgeni hakuthibitishwa*."

Musembi hakuwa mtu mbaya. Mwenzake alifutwa kwa kumruhusu shemeji ya mtu kupanda bila ndiyo. Alimtafuta meneja, meneja alikuwa kwenye semina ya kuhudumia wateja. Wakabaki pale, mmoja ndani ya geti, mwingine nje, dakika arobaini. Mara Musembi akaitazama meza yake.

"Leo ni Jumanne?"

"Ni Jumanne."

"Jumanne huyo mama huniletea uji kwa thamosi. Leo hajashuka."

Akavua kofia. Akaingia ofisi ya meneja, akavuta droo, akatoa ufunguo unaofungua milango yote, ule ambao mlinzi haruhusiwi hata kuugusa. Wakapanda lifti. Akafungua 9C.

Shangazi alikuwa sakafuni bafuni, mkono umevunjika, sukari imemshuka, midomo mikavu kama gunia. Akawatazama.

"Mmekawia," akasema, akafumba macho.

Hapo hapo stima ikapotea. Lifti zikafa. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Huduma zote zilikuwepo. Righa, mhandisi wa umeme, akasimama mbele ya lifti iliyokufa akacheka kicheko kibaya. Alikuwa ameomba kazi ya kutunza jenereta hiyo hiyo. Hawakumjibu.

Akarudi bafuni, akachuchumaa, akamwambia Musembi: "Niwekee mgongoni."

Ghorofa ya tisa, akashuka. Ya nane, akashuka. Ya saba, magoti yakaanza kuimba. Ya nne, akaona nyota mchana. Ya pili, alikuwa hajui anabeba au anabebwa. Akafika chini, Musembi akasimamisha gari la kwanza lililotokea, na hospitalini daktari akasema, "Mngechelewa saa moja tu, mngekuwa mnaita fundi wa jeneza."

Jioni ile Musembi alifutwa kazi kwa kugusa ufunguo. Na pamoja na kazi kikaenda kile chumba nyuma ya jenereta alicholala yeye na mkewe.

Wiki sita zikapita. Shangazi akatoka hospitali, akawaita. Righa akaja. Musembi akaja, bila kofia, kichwa kikionekana kidogo. Wakio akaja ndani ya simu, wakamwegemeza kwenye bakuli la sukari.

"Narudi nyumbani Wundanyi," Shangazi akasema. "Nimechoka na watu wanaoniuliza kama nimethibitishwa. Nyumba hii siuzi, sipangishi. Nampa mtu aliyefanya nikabaki hai. Hati itakuwa na jina moja. Chumba ni kimoja, na nyinyi watatu mkikaa pamoja mtagombania sufuria kabla maji hayajachemka. Haya, semeni."

Wakio akaanza. "Shangazi, hao walikuwa na macho na hawakuona. Mimi niko ng'ambo, nikaona. Watu arobaini wanaamshwa na wewe, ni nani aliyejua hujaamka? Mkataba wangu unakwisha Desemba. Miaka saba nalala kwenye stoo ya watu, nafua mashuka ya vitanda nisivyolalia. Sina nilipowahi kusema hapa ni pangu."

"Uliona saa kumi na mbili," Righa akasema, "ukapiga saa tatu."

"Na wewe ulinikata mara mbili!"

Musembi akasafisha koo. "Mama, mimi si wa damu. Lakini hawa hata wangejua, mlango ulikuwa umefungwa. Kujua hakufungui mlango. Niliufungua, na ndio uliokula kazi yangu. Sasa mke wangu analala kwa dada yake, mimi nalala kanisani nikijifanya msharika mwenye bidii."

"Dakika arobaini, mzee," Righa akasema. "Ulikuwa unasubiri mtu aliyezimia aseme ndiyo."

"Nilikuwa nasubiri ujasiri, kijana. Kwa mtu wa mshahara hauji haraka."

Zamu ikawa ya Righa. Njiani alikuwa ameipanga hotuba nzima, na hasira zake zote za miaka mitatu zilikuwa ndani: barua za kuomba kazi, kochi, macho ya bibi harusi. Akafungua kinywa na kujikuta amechoka nazo.

"Shangazi, mmoja aliona, mmoja alifungua. Bado ungefia juu, mlango wazi, kila mtu amejua. Nilikubeba. Mgongo huu mpaka leo haunyooki. Jumamosi natolewa kwa kochi. Sina la kuongeza."

"Ulilizima grupu langu," Shangazi akasema polepole.

"Nililizima."

"Maua yangu yalikukosea nini?"

"Hayakunikosea, Shangazi. Yaliniuliza kila siku nimeamkia nini, na sikuwa na jibu."

Shangazi akautazama ufunguo mkononi, kisha dirisha kubwa, kisha kile chumba chenye kitanda kama kisiwa. "Nitasema tukifika chini. Gari la Wundanyi halinisubiri."

Wakatoka. Righa akabonyeza lifti. Akabonyeza tena. Stima imepotea. Wakasikiliza jenereta: ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Righa akachuchumaa. Musembi akabeba masanduku mawili, akatangulia kupapasa ngazi. Wakio, ndani ya mfuko wa shati la Righa, akapiga kelele, "Msimwangushe! Polepole hapo kwa kona, naona giza!"

Ghorofa ya tisa, wakashuka. Ya nane, wakashuka. Shangazi alikuwa mwepesi kuliko siku ile, na hilo lilimchosha Righa zaidi. Ya nne akamsikia akisema sikioni, "Pumzika." Akapumzika. Ya kwanza, wakasimama wote watatu, na wa nne mfukoni, wakihema.

Chini, mlinzi mpya alikuwa amesimama getini na kitabu. "Huyu mama ni nani? Amethibitishwa?"

Shangazi Mkawasi akashuka mgongoni, akajishikilia ukutani, akaufungua mkono. Ufunguo ulikuwa mmoja. Mikono iliyokuwa mbele yake ilikuwa miwili, na wa tatu uko Doha, unapanga vikombe.

Basi mimi nimewafikisha getini, siingii. Nyinyi mnaosikiliza, ambao pia mna grupu mlilolizima sauti, nijibuni: aliyeona, aliyefungua, au aliyebeba? Ufunguo wa 9C, alistahili nani?