Kwa Nini Chainizi Hungoja Maji ya Kunawa

Kaeni. Wewe uliyeegemea mlango, kaa nawe, unaniziba mwanga. Habari hii husikilizwa na watu waliokaa, wote isipokuwa mmoja, na leo huyo mmoja ni Somoe, mke wa mjukuu wangu, mnayemwona pale kwenye mafiga ameshika mwiko. Yeye mwacheni asimame. Ana wiki mbili tu katika milima yetu, na nyumbani kwao Mikindani amezoea kisamvu, kinachotwangwa na kuungwa kwa nazi taratibu tangu asubuhi. Kwa hiyo jana, ili asichelewe, aliibandika mboga hii ya chainizi jikoni mara baada ya chai. Ilivyofika mkekani mchana mliiona wenyewe, mkacheka. Mimi sikucheka. Kosa lile nalijua lilikotoka: ni sisi wenyewe tuliolianza, na nusura limnyime mwanamke mmoja maji.

Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota ndevu, mboga zote za bonde hili zilikuwa na rangi moja zikishushwa jikoni, na rangi hiyo ilikuwa nyeusi. Kisamvu cheusi, majani ya kunde meusi, majani ya maboga meusi. Chungu kilipanda motoni watu wakiwa bado wanajinyoosha, kikashuka jua likiwa utosini. Mpishi aliyesifiwa ni yule aliyeweza kukaa kitako kando ya chungu chake asubuhi nzima, akisuka mkeka au akipepeta mahindi, bila wasiwasi wowote. Jani lilipikwa mpaka likasahau kwamba liliwahi kuwa jani. Wala sisemi kwa kudharau, maana kisamvu cha namna ile ningekipata leo ningewafukuza nyote nikakila peke yangu.

Maji nayo yalikuwa kama yalivyo sasa, machache na ya wote. Usiku yalijikusanya katika ndiva, lile bwawa la udongo pale juu, na asubuhi yakafunguliwa kushuka na mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Mwangalizi wa ndiva alikuwa Mzee Mbazi, mtu mrefu, mkavu, asiyependa kurudia neno. Mbiu ilipolia, watu walipanda msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, na siku hiyo nyumba moja yenye zamu ya maji iliwalisha wote. Majirani walisonga ugali, mwenye zamu akatoa mboga, na mboga yenyewe ilipaswa kuwa ile iliyomea kwa maji yake. Ndivyo wazee walivyopima haki: maji ya wote yaonekane kwenye chungu cha wote. Shamba lililoshindwa kuwalisha watu mara tatu lilipoteza zamu, na maji yake wakapewa wengine.

Mkiani kabisa mwa mfereji palikuwa na shamba la Nakiete. Mumewe alikuwa ameshuka tambarare kutafuta riziki na hakurudi, akamwachia mama yake, Bi Nangasu, na kipande hicho cha ardhi. Wanawake wawili, jembe moja. Maji yalifika kwao yamechoka, kidogo kama ya kumnawisha mtoto uso. Maharage yalikauka kabla ya kutoa maua. Kunde zilikufa. Kilichokubali kuota pale ni mbegu ndogo nyeusi alizoachiwa na mpita njia mmoja kutoka nchi za mbali za mashariki, aliyeugua njiani, naye Nakiete akamuuguza kwa uji siku tisa. Mgeni yule hakujua lugha yetu. Alifungua pindo la nguo yake, akamwaga mbegu kiganjani mwa Nakiete, akashika tumbo kwa furaha kuonyesha kwamba zinaliwa, akaenda zake. Angekaa siku moja zaidi angemwonyesha na namna ya kuzipika, lakini wageni ndivyo walivyo, huondoka kabla ya swali lenye maana.

Mbegu hizo ndizo hii chainizi. Ilimea kwa maji yale machache, na kwa haraka iliyowashangaza wote. Mwezi mmoja tu, na shamba la mkiani likawa limejaa majani mapana yenye vikonyo vinene, vyeupe kama maziwa. Nakiete alikuwa akisimama kuyatazama mpaka anasahau kilichomtoa nyumbani. Nami nikifikiria kwamba aliyaotesha mahali ambapo wengine walishindwa kuotesha hata magugu, mwanamke yule namvulia kilemba.

Basi msaragambo ukafika kwake. Bi Nangasu alikuwa mpishi wa sifa, naye akasema mboga ni mboga. Wakaitwanga kinuni, wakaichemsha tangu alfajiri. Mchana walipofunua chungu wakakuta maji ya rangi ya majani makavu, na chini yake rojorojo isiyoshikika kwa tonge. Watu walikula kwa adabu, wakaondoka na njaa. Mara ya pili Bi Nangasu akaona kosa ni kutoipika vya kutosha. Wakaianza mapema zaidi, wakaitia karanga, wakaikoroga mpaka mikono ikafa ganzi. Safari hii hata adabu haikuwepo. Mtu mmoja aliinamisha bakuli lake kwenye mizizi ya mgomba, akadhani hakuonekana.

Mzee Mbazi alimwita Nakiete kando. "Mwanangu," alimwambia, "imebaki mara moja. Wa juu yako wana maharage, na watu wanashiba. Usinifanye nikukate maji kwa mkono wangu."

Nakiete hakulala vizuri tangu siku ile. Bila zamu ya maji shamba lile lingekuwa vumbi, na yeye na mkwewe wangekuwa watu wa kuzunguka na vibakuli kwa majirani. Alipoitazama mboga yake ikiwa hai shambani, yenye kung'aa, na kuikumbuka ilivyokuwa chunguni, aliona uchungu kana kwamba amemharibia mtu uso. Lakini hakujua njia nyingine. Bi Nangasu naye hakujua, ila hakusema hivyo. Alisema safari hii wataibandika jogoo wa kwanza.

Siku yenyewe ikafika. Jogoo aliwika, na kabla mwangwi haujaisha wakasikia kishindo upande wa shamba. Ukingo wa mfereji ulikuwa umebomoka, na maji ya ndiva nzima, yaliyofunguliwa mapema ili watu wa kazi waone palipoziba, yalikuwa yanaingia kwenye matuta yao kwa nguvu ambayo shamba lile halijawahi kuiona. Wote wawili walikimbia. Hakuna aliyekumbuka chungu. Wakaziba kwa mawe, kwa magogo ya migomba, kwa udongo waliouchota kwa mikono, na kila walipoziba huku kulifumuka kule. Bi Nangasu, mwanamke wa umri ule, alilala ubavu kwenye tope kuwa ukingo, Nakiete akijaza udongo nyuma ya mgongo wake. Maji yaliposhikika, jua lilikuwa utosini. Wakaokota mboga zilizong'olewa na maji, zikajaa kikapu, wakapanda nyumbani wakiwa wamepakwa matope hadi kwenye nyusi.

Na uani walikuta watu wamekwisha kaa.

Walikuwa zaidi ya thelathini, wameshuka kutoka juu na majembe yao, hawana habari ya ukingo. Majirani walikuwa wamesonga ugali kwenye moto wa Nakiete, nao ulikuwa unafuka moshi katika nyungo. Mafigani palibaki moto mkubwa, mwekundu, usio na chungu juu yake.

"Nakiete," alisema Mzee Mbazi, "tumekaa."

"Baba, mboga haijapanda jikoni."

Mzee alimtazama, akatazama ugali, akatazama watu wake waliokuwa wanatetemeka kwa njaa. "Basi tunawe," akasema. Alisema polepole, na kila aliyekuwa pale alielewa kwamba watakula ugali mkavu, watainuka, na shauri la maji litakuwa limekwisha. Kibuyu cha maji kikapewa mtu wa kwanza.

Nakiete alikitazama kile kibuyu. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mpishi wa bonde hili aliyewahi kukifanya: alikimbia jikoni. Akatwaa kikaango kipana cha udongo, akatupia samli, na moto ule wa ugali ukaiyeyusha mara moja. Akakata kitunguu hewani, bila ubao. Akasuuza mboga kwa mtungi mzima wa maji, akaishika shada shada na kuikata kuanzia shinani, na kwa kuwa vikonyo ndivyo vilivyotangulia kisuni, ndivyo vilivyotangulia kikaangoni. Vikalia chwaaa. Kibuyu kilikuwa kimefika kwa mtu wa kumi. Akageuza. Majani yakafuata, bado yanadondosha maji, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuyakung'uta, na maji yale machache yakageuka mvuke ukayalegeza majani bila kuyazamisha. Chumvi. Kibuyu mtu wa ishirini.

"Ongeza maji, bado mbichi!" alipiga kelele Bi Nangasu. "Funika! Utatuaibisha!"

"Hapana, mama," alisema Nakiete. Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kutoka kinywani mwake tangu aingie nyumba ile, na yeye mwenyewe lilimshtua. Hakufunika. Hakukaa. Alisimama juu ya kikaango kile akigeuza na kugeuza, matope yakimkauka miguuni, na jicho moja kwenye kibuyu. Mtu wa mwisho alipokung'uta vidole, yeye akaepua.

Watu walipoona kilichoshushwa mbele yao, wengine walijirudisha nyuma. Hawakuwahi kuona mboga iliyopikwa ikiwa kijani. Majani yalikuwa yamelala lakini hayajafa, vikonyo vyeupe viking'aa kwa samli, na harufu ya kitunguu ilikuwa imewafikia hata waliokaa mwisho. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni mboga au ni lishe ya mbuzi.

Mzee Mbazi alimega tonge, akaligandamiza, akachota. Akatafuna. Na uani pale, kwa mara ya kwanza katika bonde lote, mboga ikasikika mdomoni mwa mtu: kakakaka. Aliacha kutafuna, kama anayesikiliza, kisha akaendelea. Akachota tena. Wengine hawakungoja ruhusa. Uani hapakusikika kitu isipokuwa meno ya watu thelathini.

Katika mboga yote halikumbakia Nakiete hata jani moja. Hapo ndipo Mzee Mbazi alipoinuka. Alikuwa ameshika tonge lake la mwisho, lenye mboga iliyofungwa juu yake. Akavuka uani mpaka mafigani, mwangalizi wa ndiva, mtu ambaye watu wazima walimpisha njia, akamsogezea tonge lile mwanamke aliyejaa matope.

"Fungua kinywa, mwanangu," alisema. "Maji yako yako pale pale."

Nakiete alitafuna huku analia, asijue alichotangulia kuonja, ni chumvi ya mboga au ya machozi. Bi Nangasu yeye aligeuzia watu mgongo, akawa anafuta kikaango kwa kipande cha ugali, akala, akafuta tena. Jioni alisema tu kwamba kesho atapika yeye.

Na tangu siku hiyo, katika bonde hili, chainizi haipandi jikoni mpaka watu wamekaa na maji ya kunawa yameanza kuzunguka. Kikonyo hutangulia, jani hufuata, maji hatuongezi, kifuniko hatukitafuti. Kisamvu kina mpishi anayekaa, chainizi ina mpishi anayesimama. Na tonge la kwanza, si la mwisho tena, halili mgeni wala mwenye nyumba: huchukuliwa na mkubwa wa watu waliokaa, akampelekea mpishi pale pale motoni, kwa mkono wake, kwa sababu ni mkubwa ndiye aliyekosa siku ile, alipotaka kuhukumu mboga ambayo hakuna aliyejua kuipika.

Haya. Leteni birika na beseni, anzeni na huyo wa mlangoni. Somoe, umesikia? Maji yanazunguka. Tia vikonyo. Vizuri, usiogope mlio huo, ndio wenyewe. Sasa majani. Geuza, geuza tena. Usiniangalie mimi, angalia beseni lilikofika. Epua!

Mnaona rangi hiyo? Kuleni. Mbona leo hakuna anayecheka, nasikia meno tu? Nipeni mkono niinuke, magoti haya si yangu tena. Jana, Somoe, nilikuwa nimeshika tonge lako hivi hivi, nikakosa pa kulipeleka, maana ulikuwa umekimbilia ndani kulia. Leo umesimama. Fungua kinywa, mwanangu.