Mpima Mto Kiangazi

Mpima mto kiangazi, masika hulala paani. Hivyo ndivyo alivyosema yule mama muuza samaki leo asubuhi kwenye mkutano wa mji, afisa ardhi alipotandaza ramani yake mezani na kuonyesha kwa kalamu mahali stendi mpya itakapojengwa. Nanyi vijana mkacheka mpaka mkashika mbavu. Sasa mmekuja kuuliza methali hiyo imetoka wapi, kumbe mlikuwa mnacheka tu, hamjui mnachekea nini! Haya, kaeni. Mwenye simu aizime. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, hadithi hii haitaki kelele.

Methali hii ilianza hapahapa Nyakiswa, na ilianza hivi.

Enzi za Mdachi mji ulikuwa palepale ulipo leo, juu ya Kichuguu. Chini yake ni bonde la udongo mweusi, na mwisho wa bonde ndio mto. Lakini kati ya Kichuguu na bonde kuna lile shimo refu mnalochezea mpira wakati wa kiangazi. Lile si shimo. Ni njia ya zamani ya mto. Mto uliihama kabla babu wa babu zenu hajazaliwa, ila masika yakiwa makubwa huikumbuka, na maji huingia huko kwanza, nyuma ya bonde, kabla ukingo wa mbele haujamwagika. Kwa hiyo bonde hugeuka kisiwa kwanza, halafu ndipo huwa mto. Jambo hilo kila mtoto alilijua. Watu walilima bondeni, wakalala Kichuguuni. Maji yakianza kurudi mtoni, waliyafuata nyuma wakipanda mahindi kwenye tope, kilimo kile tunachokiita mlau.

Mbegu ya mji mzima ilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja, Siwatu binti Mbonde. Aliitundika juu ya jiko lake, kwenye moshi, fukusi wasiiguse, kama mama yake alivyofanya kabla yake. Maji yakirudi, kila nyumba ilituma mtu kwa Siwatu kuchukua mbegu, na mavuno yakija kila nyumba ilimrudishia. Duka la mbegu halikuwapo. Mbegu ya Siwatu ikiharibika mji haupandi, na mji usipopanda haupiki. Siwatu alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake, ndiyo maana hakuwa na subira na mtu mzembe.

Basi Mungu naye akampa kaka aitwaye Mkumba, ambaye ndiye alikuwa jumbe wa mji. Mtu mwema, mpole, mkarimu, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakujua kusema hapana. Ukimwambia jua leo limechomoza kusini, atakujibu, "Ndivyo, ndugu yangu, tena limewahi." Siwatu alizoea kusema kwamba kaka yake angekuwa mlango, mbuzi wa mji mzima wangelala ndani.

Mwezi wa Septemba, mto umekonda hata mbuzi wanauvuka kwa miguu, akaja Mdachi mmoja na kamba ndefu ya kupimia na wapagazi sita. Watu wakamwita Bwana Kamba. Kiswahili alikijua, cha kukatakata, lakini kilieleweka. Alipima bonde toka ukingoni, akaandika, akapima tena. Kisha akasimama kwenye majani makavu akawauliza wazee, "Maji ya mto yanafika hapa?"

Sasa hapo ndipo penye kisa. Wazee wetu walikuwa na desturi kwamba mgeni hapingwi neno mpaka siku ya tatu. Si mmezoea kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Wao walikuwa wakimpa jembe pamoja na ukweli wake. Siku mbili za kwanza ni za kumlisha na kumwitikia. Wazee wakatazamana. Jumbe Mkumba akatabasamu. "Bwana, jua ni kali. Twende ukale kwanza."

Bwana Kamba akaandika kwenye daftari lake kwamba maji hayafiki.

Siwatu alikuwa amesimama pale na mtungi wa maji ya kunywa. Akamvuta kaka yake kando.

"Kaka, mwambie."

"Siku ya kwanza hii, Siwatu. Unataka nimwaibishe mgeni?"

"Basi mwambie kesho."

"Keshokutwa. Haraka haraka haina baraka."

Keshokutwa! Siku ya pili alfajiri Bwana Kamba alikunja kamba yake, akashukuru kwa kuku aliyechinjiwa, akaondoka. Wazee wakabaki na ukweli wao, umeiva, hakuna wa kuula. Siwatu aliposikia ameondoka alisonya mpaka majirani wakadhani amegombana na mumewe, na huku alikuwa mjane, mwaka wa sita huo.

Miezi miwili baadaye Bwana Kamba akarudi, safari hii na askari, mabati na karatasi yenye muhuri. Hakuwa mgeni tena, alikuwa serikali. Karatasi ilisema mji wa Nyakiswa unahamia bondeni, ili meli ya moshi ifunge karibu, na barabara inyooke toka gatini mpaka ofisini, na nyumba zipangwe mstari. Kichuguuni njia zinapinda, ilisema karatasi. Tena mbegu zote ziwekwe kwenye ghala la serikali la matofali na bati, kwa sababu nyumba za nyasi huungua. Kwenye ramani Nyakiswa ilikuwa imeshaandikwa bondeni kwa wino mweusi, kabla nyumba hata moja haijahama.

Siwatu hakungoja kaka yake. Alimfuata Bwana Kamba mezani kwake, watu wote wakitazama.

"Bwana, hapa unapotaka kujenga ni njia ya mto."

Bwana Kamba hakukasirika. Akamwonyesha karatasi. "Mto uko hapa. Ghala litakuwa hapa. Katikati ni hatua mia nne. Nimepima mimi mwenyewe."

"Umepima mwezi gani?"

"Septemba."

"Basi umeupima mto umelala. Ngoja uamke, kisha upime tena."

Bwana Kamba akacheka, akamgeukia jumbe. "Jumbe, wewe ndiye mwenyeji. Mahali hapa panafaa kujenga, au hapana?"

Jamani, siku ya tatu ilikuwa imepita zamani! Mtu anaulizwa mchana kweupe, mbele ya watu wake, tena anatafuniwa jibu lenyewe, abaki kulimeza tu. Mkumba akatazama muhuri. Akatazama askari. Akamtazama dada yake, ambaye alikuwa amekaza macho kama anayemsukuma mtoto apige hatua ya kwanza.

"Bwana," akasema, "aliyepima ni wewe."

Siwatu alitamani ardhi ipasuke, immeze kaka yake, si yeye.

Basi mji ukaanza kuhama. Nyumba kumi za kwanza zikashuka bondeni, ya jumbe ikiwa ya mbele. Mbegu nayo ikashuka, vikapu kumi na viwili. Siwatu hakuwa na nia ya kushuka, lakini angeiachaje mbegu na askari? Akapewa chumba kando ya ghala. Akavitundika vikapu vyake kwenye boriti za juu kabisa, chini ya bati. Siku ya pili akakuta askari mlinzi amevishusha na kuvipanga sakafuni, kimoja kando ya kingine, kama alivyofundishwa kupanga vitu vya serikali. Akavitundika tena. Askari akavishusha tena. Wakaenda hivyo tangu Januari hadi Aprili, mpaka Siwatu akachoka hata kutukana. Kikapu kimoja tu ndicho kilichobaki juu, kwa kuwa alikifunga fundo ambalo askari hakuliweza.

Aprili ile hapa kwetu mvua haikuwa nyingi. Ilinyesha huko juu mto unakotoka. Alfajiri moja Siwatu alitoka kwenda Kichuguuni kumjulia hali jirani mgonjwa. Alipofika kwenye ile njia ya zamani alikuta mto, mto mzima, umejaa ukingo kwa ukingo, unabeba magogo. Akarudi mbio akipiga yowe. Watu wakatoka na watoto na mikeka, wakakimbilia Kichuguuni, wakakuta alichokikuta yeye. Mbuzi aliyetangulia alichukuliwa na maji wakimwona. Wakageuka, na mbele nako ukingo ulikuwa unamwagika.

Jengo refu lilikuwa ghala peke yake. Wakapanda juu ya paa, watu thelathini na wawili, Bwana Kamba miongoni mwao, hana viatu. Kabla ya kupanda alilifungua ghala kwa mkono wake, maji yakiwa kiunoni, akamsaidia Siwatu kutoa vikapu. Hilo lazima lisemwe, hakuwa mtu mbaya. Vikapu kumi na kimoja vya sakafuni vilikuwa vimelowa chapachapa. Kile kilichomshinda askari kilikuwa kikavu.

Siku mbili walikula mahindi yaliyolowa, wakiyatafuna mabichi. Siku ya tatu yakaanza kuchacha, wakala hivyo hivyo, watoto wakipewa kwanza. Siku ya nne asubuhi mahindi yale yalikuwa yameoza, hayaliki tena. Maji nayo yalikuwa yameanza kushuka, na kwa mbali Kichuguuni walionekana watu wakifunga chelezo cha migomba. Lakini mwenye njaa hana mwiko. Macho yote yalikuwa kwenye kile kikapu kikavu, ambacho Siwatu alikikalia tangu siku ya kwanza.

"Kifungue," akasema Bwana Kamba.

"Hii ni mbegu, Bwana."

"Najua. Watu wana njaa, na mimi nina njaa. Kifungue. Ni amri."

Siwatu hakutikisika. Askari akainuka, bati likalia chini ya miguu yake. Siwatu akamtupia kaka yake jicho. Hakutarajia kitu, matumaini yake kwa Mkumba aliyazika tangu siku ile ya mezani. Alimtazama kwa mazoea tu.

"Hapana," akasema Mkumba.

Alilisema kwa sauti ndogo iliyokwaruza, kama ya mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Bwana Kamba akageuka. "Umesema nini, Jumbe?"

"Nimesema hapana, Bwana. Kikapu hiki kikiliwa tutashiba leo, na mwaka mzima hatuna cha kupanda. Mtu asikiguse." Akajikokota kwa makalio juu ya bati lile linaloteleza mpaka akafika ubavuni mwa dada yake, naye akakishika kikapu.

Askari akamtazama bwana wake. Bwana wake akageuza uso, akatazama maji. Askari akaketi.

"Kumbe hapana unaijua," akasema Bwana Kamba baadaye. "Nilipokuuliza kama panafaa kujenga, kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya," akasema Mkumba. "Kwanza ulikuwa mgeni. Halafu ukawa mkubwa."

Siwatu akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. "Sikieni, enyi watu wa paani! Mpima mto kiangazi, masika hulala paani!" Bwana Kamba akainamisha kichwa, akijua anasemwa yeye. Lakini Siwatu alikuwa anamtazama kaka yake, pamoja na wale wazee wawili waliojikunyata nyuma yake, waliokuwapo siku ya kamba. Wote walikuwa wamelowa vilevile.

Chelezo kilifika jioni. Paani hakufa mtu. Bwana Kamba alihamishwa, Mkumba akavuliwa ujumbe kwa kukataa amri, na mji ukarudi Kichuguuni bila karatasi yoyote. Maji yalipokauka kila nyumba ilipewa kiganja kimoja cha mbegu. Wakapanda, wakavuna kidogo, na kile kidogo hawakukila, walikiweka chote kiwe mbegu. Mwaka huo na uliofuata watu walichimba ndiga porini, kile kiazi chenye sumu ambacho usipokiloweka vizuri kinakuua. Mkumba alizika watoto wake wawili. Siwatu ndiye aliyewaosha.

Mmeelewa sasa? Mdachi alilala paani siku nne, akapata viatu vingine, akaenda zake. Njaa tulibaki nayo sisi. Na nyinyi leo asubuhi mlikuwa zaidi ya mia pale mkutanoni. Kila mmoja wenu amecheza mpira kwenye ile njia ya mto, kila mmoja anajua maji hufika wapi. Afisa akauliza, "Kuna mwenye swali?" Mkatazamana! Kijana wa watu katoka mbali, mkaona vibaya kumkatisha, mkampigia makofi. Akasema mama mmoja tu, nanyi mkamcheka. Ramani ile ya stendi bondeni inapitishwa kesho saa tatu. Mkienda huko msimtafute Mdachi, alishaondoka. Pale paani walikuwa thelathini na wawili, na aliyepima alikuwa mmoja. Mpima mto kiangazi, masika hulala paani.