Filimbi Moja, Shingo Tatu

Haya sogeeni, na wewe mwenye simu iweke chini, maana kesi ninayowaletea imewashinda Wapare. Mmesikia? Wapare! Sisi ambao kwa kesi ya kuku mmoja tunauza ng'ombe. Hii imetushinda juma zima. Na mimi Mgonja, ambaye shule niliisikia kengele tu, nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu haya yanayomwona sisimizi akipiga mwayo ng'ambo ya bonde.

Kwetu milimani kuna kikosi cha Wasichana Shupavu. Usidhani ni watoto wa kucheza rede. Serikali nzima ile! Chini kabisa wapo Vifaranga, wadogo, meno ya mbele mapengo matupu, na kila kifaranga anapewa dada wa kumfundisha. Juu yao makundi ya wakubwa. Kila kundi linamchagua kiongozi wake lenyewe, kwa kura, hakuna cha mtoto wa mchungaji wala mjukuu wa mwenyekiti. Viongozi wakikaa pamoja, hilo ndilo Baraza, na Baraza likisema limesema. Mlezi wao, Mama Mshana, mtu mzima na heshima zake, kura hana. Kazi yake kuchemsha chai na kuuma ulimi.

Viongozi wenyewe watatu. Mwanaidi kajaliwa kufundisha: huyo angemfundisha mbuzi kupiga hodi, na mbuzi angesimama mlangoni mpaka aambiwe karibu. Eliwaza kajaliwa kinywa: akifungua mdomo, mvua inasimama kwanza isikie anasemaje. Nakiete kajaliwa mikono na miguu: anapita pale ambapo nyani anakuna kichwa, anarudi kutafuta njia nyingine.

Filimbi ni moja. Anayeivaa ndiye anayeongoza kikosi kizima, na ndiye anayekiingiza kambi kuu kule Same, ambako vikosi vya wilaya yote vinakutana. Kikosi kisicho na mwenye filimbi hakivuki geti. Na wote watatu waliitaka, msidanganywe na upole wao.

Basi, kikosi kikapanda msituni kuokota kuni. Mwanaidi alibaki nyumbani, mguu una jipu kubwa kama papai. Wakati wa kurudi ukungu ukashuka. Ukungu gani huo! Mzito mpaka mimi kwenda shambani niliukata kwa panga. Mama Mshana akawahesabu Vifaranga, akarudia, kisha akapiga yowe tukalisikia mpaka bondeni. Sifaeli, binti mdogo wa jirani yangu Niwaeli, hayupo.

Bwana wee! Kijiji kizima tulipanda. Kule juu kuna makorongo, ukikanyaga vibaya unafika chini ukiwa habari tu. Tukaanza kuita. "Sifaeliii!" Baba yake akaita mpaka sauti ikapasuka. Mimi nikaita, na sauti yangu mnaijua, parachichi zilidondoka mbichi. Kimya. Wanawake wakaanza kulia. Mzee mmoja akasema polepole, "Mtoto asiyemwitikia baba yake, huyo hayupo tena."

Hapo Eliwaza akapanda juu ya jiwe. "Nyamazeni! Najua kwa nini haitiki!"

Nani amsikie? Kila mwanaume anaita kushinda mwenzake. Akapiga kelele tena, wapi! Sasa sikilizeni akili ya yule mtoto. Akajishika kiuno, akavuta pumzi, akasema:

"Shikamooni wazee wangu wote!"

Utafanyaje? Umesalimiwa, lazima uitike. Mlima mzima ukajibu, "Marahabaaa!" Na ukishasema marahaba, unangoja usikie mtoto ana shida gani. Palipotulia tu, akatuambia, "Shida yangu ni kelele zenu. Nyamazeni kabisa."

"We binti, unatuamrisha?" mzee mmoja akafoka.

"Naamrisha, babu. Utanichapa kesho."

Akapiga makofi. Pa-pa, paa! Kofi la kikosi hilo. Tukangoja. Akapiga tena. Pa-pa, paa! Na huko chini, ndani ya korongo, kadogo kama mtu anayeponda kitunguu swaumu kwa mbali, tukasikia: pa-pa, paa.

Niwaeli akakimbilia ukingoni, nikamdaka shati.

Sasa kumtoa. Korongo lile udongo wake unamung'unyuka kama mkate wa jana, mwanaume mwenye uzito wake angelishuka nalo lote. Nakiete hakungoja kuulizwa. Akachukua kamba ya katani ya dume langu (lile dume lililowahi kuvuta trekta), akajifunga fundo kiunoni, akaizungusha kwenye shina la mti, akatupa mkia wa kamba kwetu.

"Nikitikisa, vuteni. Nisipotikisa, msivute hata mkisikia nalia."

Akashuka. Mawe yakawa yanaporomoka, sisi jasho linatutoka kwenye baridi ile. Mara kamba ikatikisika. Tukavuta, mimi kwa mkono mmoja, mwingine nikimshikilia Niwaeli asijitupe. Nakiete akatokea, magoti yamechunika, Sifaeli mgongoni kafungwa kwa kanga.

Baba mtu akamkumbatia, akamfokea papo hapo: "Nimekuita mpaka nimekauka! Huna masikio?"

"Nilikusikia, baba."

"Ulinisikia?!"

"Dada Mwanaidi alisema, ukipotea kumbatia mti, usihame. Usiitike jina, jina lako hata mwizi wa watoto analijua. Itika kofi." Akajifuta kamasi. "Nikakumbatia."

Na kweli, tulipochungulia ukungu ulipopasuka, ule mti alioukumbatia ulikuwa katikati ya korongo, ukingoni mwa poromoko jingine. Hatua moja ya kufuata sauti ya baba yake, tungekuwa tunachimba kaburi.

Hapo ndipo kesi ilipozaliwa. Kesho yake tumekusanyika nje ya shule, Baraza linakaa kumchagua mwenye filimbi, na kijiji nacho kimekuja na midomo yake.

"Apewe Nakiete! Nani mwingine aliyemshika mtoto kwa mikono?"

"Mikono gani? Bila Eliwaza angeshukia korongo lipi? Yako mengi kama mikunjo ya bibi yangu."

"Eliwaza aliyewanyamazisha wazee? Leo unampa filimbi, kesho atakupulizia uende ukalale!"

Mama yake Mwanaidi akasimama. "Mwanangu ndiye aliyemweka mtoto pale pale kwenye mti."

"Mwanao ndiye aliyemziba mdomo!" akajibiwa. "Angeitika, tungekwishampata zamani."

"Angeitika, angesogea. Angesogea, ungekuwa unakunywa chai ya matanga sasa hivi."

Mama Mshana akagonga bakuli lake la chai. Baraza likapiga kura. Na sheria yao ni hii: kiongozi hajipigii kura mwenyewe, na lazima aseme sababu mbele za watu.

Nakiete akasema, "Nampa Eliwaza. Mimi nilishuka nilikoonyeshwa tu."

Eliwaza akasema, "Nampa Mwanaidi. Makofi ningempigia nani, kama mtoto hakufundishwa kuyajibu?"

Mwanaidi, mguu juu ya kigoda, akasema, "Nampa Nakiete. Mafundisho yangu yalikaa mtini na mtoto. Hayakumpandisha."

Moja, moja, moja. Wakatazamana. Watu wote tukamgeukia Mama Mshana, na yeye akaendelea kumimina chai, maana kura hana. Wakarudia, yakawa yale yale. Mchungaji kajaribu, shehe kajaribu, mimi mwenyewe, niliyewahi kuamua kesi ya nyuki wa watu wawili, nimekaa nayo mpaka ugali umenipoa.

Kambi ni Jumamosi. Filimbi iko mezani, kamba yake moja. Kulia kasimama aliyemfundisha mtoto asife, katikati aliyeunyamazisha mlima ili mtoto asikike, kushoto aliyeingia shimoni akatoka naye.

Haya, shikamooni nyote! Marahaba zenu nimezipokea, sasa nijibuni. Je, wewe ungemvika nani?