Joka Lililotoa Shikamoo

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa wakiazimana chumvi na kuulizana habari za wagonjwa, palikuwa na nguchiro mmoja msichana aliyeitwa Sikudhani. Nguchiro mnamjua: mnyama mdogo, mwili mrefu, pua ya kuingia kila mahali. Pua ya Sikudhani iliingia mahali pengi kuliko pua za wenzake, na mara nyingi ilirudi na mkwaruzo.

Aliishi na ukoo wake ndani ya kichuguu kikubwa ambacho mchwa walikihama zamani. Kilikuwa na vyumba, ujia wa katikati, mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Bibi yake alizaliwa humo, mama yake pia. Kwenye ukuta wa chumba cha Bibi palikuwa na alama za meno ya kwanza ya Sikudhani mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtoto wa kutafuna kuta.

Sasa, msichana huyu alijiona ana akili kuliko ukoo mzima. Sababu ni kwamba alikuwa amesoma. Alisoma kwa Mwalimu Kasuku, chini ya mkuyu, mpaka upepo ulipoung'oa ule mkuyu na shule ikaishia hapo. Wakati huo walikuwa wamemaliza somo la salamu na somo la kujisifu. Somo la kufikiri ndilo lililokuwa lifuate.

Basi, asubuhi moja Fisi alikuja. Hakubisha hodi. Alikizunguka kichuguu, akakipima kwa hatua zake, akachungulia ndani. Kisha akamweleza Bibi kwamba mke wake anakaribia kujifungua, kwamba amezunguka nyika nzima na hajaona nyumba nzuri kama hii, na kwamba keshokutwa atahamia.

"Mtoke mapema," alisema. "Mke wangu hapendi kukuta watu ndani."

Alipoondoka, ukoo ulikaa kikao. Mjomba Kitwana ndiye aliyeanza. Huyu meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka kwa kupasua konokono, na kila neno lilimtoka kwa mluzi.

"Sssasa tutakwenda wapi?" aliuliza, na waliokaa mbele yake wakajipangusa nyuso.

Shangazi Mashavu aliinuka. Yeye akiwa na wasiwasi alifagia. Alishika ufagio akafagia ujia, akafagia ukumbi, akafagia mpaka vumbi likajaa na wajumbe wa kikao wakawa wanapiga chafya, chya, chya, mmoja baada ya mwingine. Bibi alikaa, mkono shavuni.

Sikudhani akawatazama akawaonea huruma. Huyu hana meno, huyu ana ufagio, na yule ameshika shavu. Akajiambia kwamba ni bahati kubwa ukoo kama huu kuwa na msomi. Bila kuaga mtu, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kumdanganya Fisi.

Alimkuta kivulini, chini ya mgunga, anaguguna mfupa, kru, kru. Sikudhani akampa shikamoo, Fisi akasema marahaba. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri sana, kwa kuwa salamu alifundishwa. Kisha akaanza kueleza kwamba amekuja kwa wema tu, kumtahadharisha mzee wake: kile kichuguu kina mzimu. Unalia usiku kucha, hakuna anayelala humo.

Fisi akaacha mfupa. "Ninyi mnalalaje?"

"Hatulali, mzee. Mimi tangu nizaliwe sijui usingizi una ladha gani."

Papo hapo akapiga mwayo. Haukuwa mwayo wa kuficha kwa kiganja. Ulikuwa mrefu, wa kutoa machozi, mpaka Fisi naye ukamwambukiza akapiga wake.

Sikudhani alihisi uongo wa kwanza unamponyoka, akarukia wa pili. Akasema kwamba, kwa kweli, tatizo kubwa si mzimu. Tatizo ni joka. Liko joka kubwa mno, linaishi chini ya kichuguu, na kila asubuhi hutoka kuota jua. Linameza mbuzi na pembe zake.

"Lina urefu gani?" Fisi akauliza.

Hapo ndipo somo lile ambalo halikufundishwa lingemsaidia. Sikudhani alifikiria haraka, akakosa kipimo, akasema la kwanza lililomjia.

"Ni refu kama mimi na ndugu zangu wote tukiungana."

Fisi akamtazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaangukia ubavu, miguu juu. Alipomaliza akajifuta macho.

"Mjukuu wangu, umenichekesha, nakushukuru. Nilisema nitahamia keshokutwa, lakini joka kama hilo haliwezi kusubiri. Nakuja kesho asubuhi kuliona. Lisipokuwepo, nahamia hiyo hiyo kesho, na wewe ndiwe utakayekuwa mchuzi wa mzazi."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Sikudhani aliburuta mkia akijisema moyoni. Alikwenda kuzima moto kwa pumzi, kumbe alikuwa anaupuliza. Asubuhi ukoo ulikuwa na siku mbili za kufunga mizigo. Sasa, kwa juhudi zake, ulikuwa na moja, na ndani ya hiyo moja yeye ni mchuzi. Mkuyu wa shule ulianguka mapema, ndiyo, lakini huenda uliangushwa na aibu.

Alifika akamwangukia Bibi magotini, akaeleza yote. Hakuruka hata mwayo.

Kisha kwenye kona Shangazi Mashavu akatoa sauti kama ya maji yanayochemka, akashindwa kujizuia, akacheka. Mjomba Kitwana akafuata, "Sss, sss, sss." Watoto wa mjomba na wa shangazi wakaanza kupigiana miayo. Sikudhani alitamani ardhi ipasuke, kisha naye akajikuta anacheka, kisha cheko likageuka kilio.

"Nimewaponza, Bibi. Nilidhani mimi ndiye kichwa cha ukoo."

"Wewe?" Bibi akamwinua kidevu. "Wewe hujawahi kuwa kichwa, mke mwenzangu. Wewe ni mkia. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Sasa akakumbuka.

Zamani, mvua ikishakatika na ua ukinuka udongo mbichi na kumbikumbi wa kukaangwa, Bibi aliwaita wote nje kucheza joka. Walilala kifudifudi mstari mmoja, kila mmoja ameweka kidevu juu ya mgongo wa aliye mbele. Mjomba Kitwana alikaa mbele kabisa. Shangazi Mashavu alishika katikati, maana miguu yake ilijua kutimua vumbi. Sikudhani, aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliwekwa mwisho. Bibi alisimama pembeni akaimba:

"Joka, kichwa chako ki wapi?"

"Kiko mbele, chanusa njia."

"Joka, mkia wako u wapi?"

Hapo walinyamaza wote, wakamsubiri mtoto, naye akaitika kwa sauti nyembamba, "Uko nyuma, wafuata."

Kisha Bibi alisema, "Geuka," na joka zima likageukia kulia. Sikudhani aligeukia kushoto. Kila mara. Mkono wake wa kulia na wa kushoto haikuwahi kuelewana. Joka lilikwenda huku, yeye alijikuta peke yake kule, ametazamana na ukuta. Na kila mara Mjomba Kitwana aliinuka, akamfuata, akampangusa pua, akamrudisha kwenye mstari. Hakuna aliyewahi kumwambia atoke mchezoni. Alitoka mwenyewe, alipoanza shule, akisema ni mambo ya kitoto.

"Umemwahidi Fisi joka," Bibi akasema. "Sisi joka tunalo. Ni wewe tu uliyeliacha vumbini."

Jioni ile walijikumbusha. Sikudhani alimsihi Bibi amwache ndani, asije akaharibu. Bibi akakataa katakata. Alisema joka lisilo na mkia ni gogo.

Kulipokucha, ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi. Fisi alikuja taratibu, anapiga mluzi, kwapani amebeba majani ya kumtandikia mke wake. Alipofika uani akayaweka chini.

"Haya, mjukuu, liko wapi hilo joka lenu?"

Kutoka mlango wa mbele kukasikika, "Ssssssss."

Mluzi wa meno yaliyong'oka haukuwahi kufanya kazi nzuri namna ile. Kichwa kikatoka, kikafuatwa na mgongo, na mgongo, na mgongo tena, kitu kirefu kinachojikunja na kujikunjua, ubavuni vumbi linapanda, fwa, fwa, fwa, likichanganyika na ukungu. Mwanzo wake ulikuwa umeshafika kwenye nyasi na mwisho wake ulikuwa bado ndani ya nyumba.

Manyoya ya Fisi yakasimama. Akarudi hatua moja, akarudi ya pili. Lakini Fisi alikuwa mzee wa nyika, si mjinga. Akakumbuka alichofundishwa na baba yake: joka ni kichwa, mkia hauumi. Akazunguka upesi kwa upande wa pili wa kichuguu, akatokea tena mlangoni, nyuma ya joka, ambako mkia ulikuwa unamalizia kutoka, akaachama kinywa.

Bibi, aliyejificha juu ya kichuguu, akamwona. Akasema, "Geuka."

Joka zima likageukia kulia.

Sikudhani akageukia kushoto.

Akajikuta hatazamani na ukuta safari hii. Anatazamana na Fisi, pua kwa pua, na pumzi ya mifupa inampiga usoni. Alitaka kupiga kelele, zikagoma. Alitaka kukimbia, miguu ikabishana ipi ianze. Akatafuta kichwani kila alichosomeshwa maishani, akakuta kitu kimoja tu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," Fisi akajibu, maana aliyelelewa vizuri hujibu kabla hajafikiri.

Kisha akafikiri. Mbele kichwa, na nyuma kichwa. Cha mbele kinafoka, na cha nyuma kinaamkia. Na joka linalokuamkia kwa adabu namna hiyo bila shaka linajua umri wako, linajua ukoo wako, labda linajua na nyumba yako.

Majani ya kutandikia aliyaacha palepale. Vumbi alilotimua Fisi asubuhi ile lilimshinda hata Shangazi Mashavu. Inasemekana mke wake alijifungulia kwenye pango la mawe, akajifungua salama, na mpaka leo fisi akiona msururu wa nguchiro unakatiza nyasini hucheka kicheko kile cha wasiwasi, akapita mbali.

Pale uani joka lilivunjika vipande kwa kucheka. Mjomba Kitwana aligaagaa chini. Watoto walimwamkia Sikudhani mmoja mmoja, kwa kuinama, naye akaitika marahaba kila mara, amekunja uso, kwa vile alijua kwamba hilo ndilo litakalokuwa jina lake mpaka azeeke.

Bibi alishuka akakaa karibu naye.

"Babu yako naye alikuwa akigeukia kushoto," alisema polepole. "Nilimgombeza miaka yote kwamba ananiharibia mchezo. Kumbe alikuwa anakutunzia kosa hilo."

Somo hilo halikuwepo kwa Mwalimu Kasuku. Sikudhani akaegemeza kidevu chake juu ya mgongo wa Bibi, kama zamani, akasema tu, "Asanteni kwa kuwa mlikuwa mnakuja kunichukua."

Mjomba Kitwana akaja akampangusa pua. Haikuwa na kitu, lakini alizoea. Shangazi Mashavu akamkabidhi ufagio, kwa sababu joka limepita na ua umechafuka.

Hadithi inaishia mlangoni kwao, na neno lake ni hili: ukiwa na ndugu, hata kosa lako hupata kazi ya kufanya.