Moto Aliouzima Siwatu

Paukwa!
Pakawa!
Na anayechokonoa kuni zangu?
Aache!

Basi, zamani alikuwako binti anaitwa Siwatu. Akaja bwana mmoja kumposa, mtanashati, ana maneno matamu mpaka shangazi zake Siwatu wakalegea. Kwao, jiko likizimika, mwanamke huchukua kigae akaenda kwa jirani kuomba moto. Yule bwana akasema, "Mke wangu hatahangaika kuomba kwa watu. Kwangu moto hauzimiki."

Watu wakasema, loo, bahati ya mtende! Bahati gani? Lilikuwa zimwi lile, limevaa ngozi ya mtu, na kisogoni, chini ya nywele, lina kinywa cha pili. Na ngozi ile ilishikiliwa mwilini na moto wa jikoni kwake tu. Moto ukifa, ngozi inabanduka.

Siwatu akaolewa, akawa hatulii. Akitwanga, anauchungulia moto. Akifagia, anauchungulia moto. Akila, anakula kasimama. Jioni bwana akirudi, swali ni lile lile.

"Moto haujazimika?"

"Haujazimika."

Siku moja bwana akamng'ata mkono, eti moshi mwingi. Kesho yake akalia, akaomba radhi, akamletea kanga. Siku nyingine akamng'ata bega, eti moto mdogo. Akalia, akaomba radhi, akamletea asali. Mara ya tatu moto unawaka vizuri, hauna moshi, hauna kosa. Akamng'ata vilevile, shingoni.

Siwatu akaketi chini, mara ya kwanza tangu aolewe. Akawaza: moto unawaka, na mimi naliwa. Sasa naulinda wa nini?

Basi asubuhi, bwana alipotoka, akainua mtungi wa maji, akaumimina wote jikoni. Akachukua kigae, akaenda kwa jirani.

Jirani ni Bi Mkejina, mjane, mkali kama pilipili. Alikuwa uani anapepeta mchele. Siwatu akasema amekuja kuomba moto. Bi Mkejina akaiona ile shingo. Hakuuliza umemfanya nini mumeo. Alimsogezea kigoda, akawaita wanawake wenzake, wakaja na michi mikononi.

Bwana akafika mbio, ngozi inambanduka. Kinywa cha mbele kinabembeleza: "Siwatu, rudi, nimejirudi." Cha kisogoni kinanguruma: "Nitakumeza." Akabembeleza mara ya pili, akabembeleza mara ya tatu, na cha nyuma hakikunyamaza.

Siwafichi, mguu mmoja wa Siwatu ulitaka kurudi, maana alimpenda. Lakini akasema, "Moto nimeuzima mimi."

Ngozi ikadondoka yote. Wanawake wakalitimua zimwi kwa michi mpaka porini, na halikuonekana tena.

Mnadhani imekwisha? Thubutu. Siwatu akahamia kwa Bi Mkejina, na bado hatulii. Kila saa anaruka kwenda kupuliza moto. Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Bi Mkejina, na ukali wake wote, hakumkemea hata siku moja.

"Keti, mwanangu," anamwambia. "Ukizimika tutaomba."

Basi siku moja, mchana, Siwatu anasuka ukili wa mkeka na wenzake, wanasimuliana, akacheka mpaka machozi. Kugeuka, jikoni ni jivu baridi. Moyo ukamruka. Akamtazama Bi Mkejina. Bi Mkejina anasuka tu.

Siwatu akamalizia kwanza ukili wake. Ndipo akachukua kigae, akatoka kwenda kuomba moto, taratibu, akisalimia kila mtu njiani.

Hadithi yangu imeishia hapo, na jivu lake nimeshalizoa. Anayekupenda hakung'ati. Akikung'ata, kosa si la moto wako. Toka, ukaombe kwa watu.