Bakuli la Mfalme Aliyekwisha Kufa

Wewe unayesikiliza, nyumbani kwako kuna chombo gani kizuri ambacho hakuna anayekula ndani yake? Usinijibu. Najua kipo.

Hapo zamani, katika mji mmoja wa nyumba za mawe, ukuta wa kila chumba cha ndani ulikuwa na vidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo, na kila kidaka kilikuwa na bakuli la kauri kutoka Uchina. Watu walikula kwenye vyungu na kuyatazama mabakuli. Walisema mauti yakiingia nyumbani, bakuli bora hupasuka lenyewe na kuyachukua. Mwiko ulikuwa mmoja tu: mgonjwa akilala ndani, bakuli lisiguswe.

Mwana Tima alikuwa na bakuli lenye rangi ya mbingu mvua inapokatika. Chini yake paliandikwa jina la mfalme wa Uchina aliyekufa miaka mia tatu nyuma. Alilipata kwa Bwana Famau, mfanyabiashara, akatoa mkufu wa marehemu mama yake. Tangu hapo mgeni hakuonja kahawa ya nyumba ile kabla hajalisifu.

Kisha Nuru, binti yake wa pekee, akashikwa na homa. Siku ya kwanza homa ikapanda, bakuli kimya. Siku ya pili ikapanda, bakuli kimya. Siku ya tatu, adhuhuri, Mwana Tima akiwa peke yake na mgonjwa, majirani waliokuwa uani wakasikia mlio mwembamba usiotaka kwisha. Wakakimbilia ndani. Bakuli lilikuwa vipande vitatu sakafuni, na Nuru ameketi kitandani, macho wazi.

"Limepasuka lenyewe," alisema Mwana Tima.

Vigelegele vikapigwa mtaa mzima.

Lakini Nuru alikuwa baridi. Halali, hapepesi macho. Mistari myembamba ilimtoka viganjani kama nyufa za chombo cha kale, ikapanda mikononi, ikafika shingoni. Bi Mize wa jirani alikuja kumpa pole, bangili yake ikamgusa Nuru begani, na bega likalia ngaa! Bi Mize aliaga bila kumaliza kahawa. Kila asubuhi Mwana Tima alimfunua mwanawe shuka, na kila asubuhi mistari ilikuwa imezidi.

Akamwita Fundi Lin, mzee wa Kichina aliyeshona vyombo vilivyovunjika kwa vikulabu vya shaba, alishone bakuli, labda mwanawe naye ashoneke. Bwana Famau naye akaja, maana alisikia bakuli alilouza linasemwa. Wakaketi sebuleni, mlango wa chumba cha Nuru ukafungwa.

Fundi Lin akageuza kipande, akakipapasa kwa kidole gumba. "Hili nalijua. Nililifinyanga mwenyewe ujanani, katika tanuri la mfalme wetu."

"Wewe!" Bwana Famau akacheka. "Mfalme aliyeandikwa hapa alikufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa."

"Ndiyo. Mfalme wangu alitaka vyombo vya kale vifufuliwe kwa kufinyangwa upya. Udongo wangu, jina la marehemu."

Mwana Tima akamgeukia. "Kwa hiyo ulinidanganya, fundi."

"Mimi sikudanganya, bibie. Kwetu ukifuata kazi ya wazee, unaandika jina la mzee, kwa heshima. Ninyi mnampa mjukuu jina la babu yake. Nani amesema mtoto anaongopa umri?"

"Basi ni wewe, Bwana Famau."

"Mimi sikudanganya! Niliuza jina lililoandikwa. Udongo sikuuliza una miaka mingapi, na wewe hukuuliza. Ulitaka la kuwaringia kina Bi Mize, ukalipata."

Fundi Lin akaweka keekee, chombo chake cha kutobolea, juu ya kipande, akaizungusha mara moja. Kule ndani Nuru akaguna. Akaizungusha tena. Nuru akaguna tena. Fundi akaiondoa keekee taratibu.

"Bibie, nisikilize. Bakuli lililopasuka lenyewe hutobolewa kuanzia katikati. Lililopigwa hutobolewa kuanzia ukingoni. Ukingo huu umemeguka, lakini hata kuanguka humegua. Nikikosea, litasambaratika. Na umemsikia mwanao. Lilipasuka lenyewe?"

Mwana Tima akatazama mlango wa nje. Majirani walikuwa wamejaa, Bi Mize mbele yao, shingo imenyooka.

"Mimi," akaanza, "mimi siku..." Akainua mkono wa kulia. "Mimi nilidanganya. Lilikataa kupasuka. Nikalipiga kwa mchi, kwa mkono huu. Na nilipolipiga, Nuru alikuwa amekwisha kukata roho."

Ndani, kitanda kikalia. Mtu alikuwa anainuka.

Haya, semeni ninyi. Mmoja aliandika jina la marehemu, mmoja akaliuza, mmoja akamkatalia marehemu wake kufa. Je, nani alistahili kufungua mlango wa chumba kile na kumtazama Nuru usoni?