Nani Awashe Mshumaa wa Subilaga?

Sogeeni, wenye masikio na wenye majibu ya haraka. Leo nawatega, na mtego wenyewe umeninasa mimi kwanza.

Palikuwa na chuo cha uuguzi huko milima ya Rungwe, ambako mvua ikishafika husahau njia ya kurudi kwao. Chuoni hapo walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Madamu Tumpale, mshauri wa wanafunzi, alikuwa na jicho: akitazama matokeo ya mtu anaona kilichomwangusha kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mzee Ambakisye, mtunza stoo ya dawa, alikuwa na subira: jambo moja angelirudia mara mia bila kupandisha sauti. Na Sekela, mwanafunzi, alikuwa na ulimi usioficha ukweli, na kwa ajili ya ulimi huo hakuwa na marafiki wengi.

Alikuwa naye mmoja, Subilaga, aliyekaa naye chumba kimoja. Subilaga alijua kukariri tu. Alikariri madesa, yale maandishi ya waliotangulia ambayo wanafunzi hurithishana mwaka hata mwaka, maswali pamoja na majibu yake. Kwenye hesabu za dawa, mwalimu akibadilisha tarakimu moja, Subilaga anaandika jibu la mwaka juzi. Mwaka wa pili akaanguka. Kwenye vitendo alimpa mwanasesere wa mazoezi dozi mara kumi ya ile iliyoagizwa, na msimamizi akasema mbele ya darasa zima, "Hongera, umeua."

Alibakiwa na sapu, mtihani wa marudio. Akianguka tena, amedisko: anafungasha, na jina lake linafutwa. Na nyumbani walikwisha anza kumwita Nesi! Aibu ikamzidi. Jumatatu moja asubuhi akaandika barua ya kuacha chuo, akafunga begi lake.

Sekela akamkuta mlangoni, akalikalia lile begi.

"Safari ya wapi?"

"Nyumbani. Nitasema naumwa."

"Huumwi. Hesabu hujui, na unaona haya kusema. Mficha uchi hazai, Subi. Twende kwa Madamu."

Akamshika mkono, wakavuka uwanja na mvua inawanyeshea, hadi ofisini. Bila Sekela, saa nne Subilaga angekuwa stendi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Kaeni."

Madamu Tumpale alitandaza matokeo ya mwaka mzima mezani, akayatazama mpaka chai yake ikapoa. "Wagonjwa unawajua. Mifupa unaijua. Kila ulipoanguka pana desimali. Hebu niambie, mwanangu, darasa la tano ulisoma wapi?"

Subilaga akaangua kilio. Darasa la tano hakulisoma. Karibu mwaka mzima alikuwa akimuuguza bibi yake, na aliporudi wenzake walikwisha vuka, naye akaanza kukariri ili asigundulike.

"Basi mjinga si wewe. Una tundu, na tundu huzibwa," alisema Madamu. Akaichana ile barua, akamwandikia kimemo Mzee Ambakisye. Bila Madamu, Subilaga angerudi kwenye madesa na kuanguka palepale.

Mzee Ambakisye alimpa bomba la sindano lisilo na sindano, na ndoo ya maji. "Daktari kaagiza nusu miligramu. Chupa ina miligramu mbili kwa kila mililita. Vuta, mjukuu wangu." Akivuta visivyo, mzee anamwaga, anafuta meza, anasema, "Tuanze upya." Hivyo kila alasiri, siku arobaini. Siku ya thelathini Subilaga bado alikuwa anakosea, akalitupa bomba ukutani kwa hasira. Mzee aliinama, akaliokota, akalisuuza. "Tuanze upya." Bila Mzee, lile tundu lingejulikana tu, lisizibwe.

Jioni Sekela alimkalisha kitandani na kumuuliza maswali mapya, asiyoweza kuyakariri. Mganga hajigangi, waungwana. Sekela naye alikuwa na sapu yake, ya somo jingine, na ule ulimi usioficha kitu uliificha hiyo.

Matokeo yakabandikwa. Subilaga amefaulu. Sekela amedisko.

Subilaga alikwenda kwa Madamu na habari za Sekela. Madamu alivua miwani. "Jicho langu lilikuwa kwako," alisema. "Huyu mwingine alikaa hapahapa kando yako, sikumwona."

Sasa mwaka umepita, na kesho ni siku ya kiapo. Chuo hicho kina desturi: kila nesi mpya husimama na mshumaa, na mtu mmoja aliyemfikisha hapo huja mbele kuuwasha. Mmoja tu. Karatasi ya kuandika jina lake ina mstari mmoja.

Mzee Ambakisye ana miaka thelathini na moja chuoni, na hajawahi kuandikwa. Mwezi ujao anastaafu. Asubuhi hii Subilaga amemwona akipiga pasi koti lake jeupe.

Madamu Tumpale naye hajawahi kuandikwa. Kila mtu anajua ni nani hupelekwa ofisini kwake, na aliyeinuliwa hapendi ijulikane kwamba aliwahi kuanguka. Subilaga akimwandika, baba yake atayajua yote mbele ya ukumbi mzima.

Na Sekela anachuma chai kijijini kwao. Ametuma ujumbe: "Ukiniita nitakuja. Ila shoga yangu, mimi sifichi: nitasimama mbele ya darasa lililoniacha, na itaniuma."

Subilaga ameketi na kalamu tangu asubuhi, na anaona vibaya, vibaya sana. Kidole kimoja hakivunji chawa, anajua. Lakini mshumaa unataka mkono mmoja. Karatasi zinakusanywa saa nane, na ya kwake peke yake ndiyo haijarudi.

Haya, wenye majibu ya haraka. Kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani? Na hao wawili wengine, mkikutana nao mlangoni, mngewaambia nini?